Shefu wa Majani na Malisho ya Juu

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, maana nitakueleza habari ya majani, na watu wengi husinzia wakisikia habari ya majani. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilisinzia siku ya kwanza, nikiwa nimesimama wima kwenye uwanda, jua la saa nne likinipiga utosini. Mtu aliyekuwa akinifundisha aliniambia tu, "Mama, ukitaka kulala, lala. Lakini lala kule pembeni, usilale juu ya majani yangu."

Huyo ndiye ninayetaka umjue. Tulimwita Shefu wa Majani. Kwetu Kolwezi shefu si mpishi, ni mkubwa wa kazi, na kazi yake ilikuwa malisho ya shamba kubwa la ng'ombe lililokuwa uwandani, mwendo wa saa moja kwa lori ukifuata barabara ya Kasaji. Alikuwa na jina zuri, tena refu. Sitaliandika. Mwaka ule majina ya watu wa asili ya Kasai yaliandikwa kwenye orodha zilizobandikwa milangoni, na tangu hapo mkono wangu unakataa kuliandika lake mahali popote.

Mimi nilikuwa karani wa shamba. Niliajiriwa kuhesabu ng'ombe, lakini Shefu aliniomba kwa mkurugenzi, akisema ng'ombe wanahesabika hata na mtu aliyelewa, majani ndiyo yanayotaka karani. Basi kwa miaka mingi nilimfuata na daftari.

Chombo chake cha kazi kilikuwa ringi ya baiskeli isiyo na spoku. Aliirusha nyuma, juu ya bega, bila kutazama, kisha akaenda kupiga magoti pale ilipoangukia. Nilimuuliza kwa nini asiiweke tu chini mahali anapotaka. Akasema jicho lina tabia mbaya, linapenda mahali pazuri. Ukiliachia lichague, litakuambia shamba lote ni zima. Ndani ya ringi alihesabu vitu vitatu tu, kwa sauti, nami nikaandika: nyasi za kwetu, nyasi ya kuja, udongo mtupu. Mchungaji mkuu, mzee Mlunda mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa akipita na kundi na kumchokoza, naye Shefu akimwita tata, yaani baba.

"Shefu, kila siku unatupa ringi. Baiskeli yenyewe iko wapi?"

"Inakuja, tata. Inakuja gurudumu moja-moja."

"Na ngombe yangu batakula namba?"

"Batakula ile namba inabakia."

Walikuwa hivyo kutwa. Mchungaji hakuamini hata ukurasa mmoja wa daftari langu, lakini hakupeleka kundi mahali popote asubuhi bila kwanza kuuliza, kana kwamba ni mzaha, "Leo ringi inasema nini?"

Ngoja nikueleze hizo nyasi, maana bila kuzielewa hutamwelewa mtu huyu. Usiogope, si jambo gumu.

Nyasi za kwetu za uwandani huota kwa mashungi. Shungi moja ni kama ufagio uliosimikwa chini: fupi, limebanana, na katikati yake pana moyo laini ambako machipukizi hutoka. Ng'ombe huyapenda, ni matamu. Yanakua polepole. Chakula chake yanakiweka chini, kwenye mizizi, kama mama wa nyumbani anayeficha unga kwa ajili ya mwezi mgumu.

Nyasi ya kuja ni nyingine kabisa. Wafanyakazi waliiita Ndefu, basi, hawakujisumbua kutafuta jina. Mvua zikiwa nzuri inampita mtu kimo. Ikiwa changa ng'ombe huikata kidogo. Ikikomaa inakuwa kama mabua na hawaitaki tena. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo na kuibuka mbali na mama yake. Kiangazi inakauka yote, inasimama pale imejaa hewa ndani yake, inasubiri cheche.

Na aliyeipanda ni yeye. Hili hakulificha, ingawa hakulisema kwa watu wasiouliza. Mvua zilikuwa nzuri mfululizo miaka ile, mkurugenzi wa zamani alileta magunia ya mbegu kutoka nje, na Shefu, akiwa bado kijana wa kazi, alipanda vipande viwili kando ya mto kwa ajili ya kukata majani makavu ya kulisha. Akaisifu katika ripoti. Alinionyesha ripoti hiyo, yenye maneno mazuri ya Kifaransa na saini yake chini. "Soma," aliniambia, "usome bile mujinga anaandika wakati mvua inanyesha." Alikuwa ameihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo cha kanisa lao, pamoja na nyasi zilizobanwa na kukauka, kiasi kwamba akifungua kuimba Jumapili, mbegu zilidondoka kwenye viatu vya waumini. Mimi ni Mkatoliki, lakini nilikwenda siku moja kuona kwa macho yangu. Ni kweli zilidondoka.

Mtu wa mambo kinyume, Shefu. Anajua nyasi kwa majina ya Kilatini, Kiluba, Kilunda na Kibemba, na bado uani kwake, mtaani Kasulo, hapakuwa na jani hata moja. Palifagiwa mpaka udongo ukang'aa. Mke wake alinieleza sababu huku akipakua bukari, ugali wetu, na mboga ya majani ya mihogo, yaani sombe. "Bwana yangu akiona jani moja hapa, atalihesabu. Chakula itapoa." (Siku hizi mahali pale pana shimo lenye turubai juu. Watu wa Kasulo wamechimba kobalti chini ya nyumba zao, na ua ule ulimezwa pamoja na nyua za majirani. Nilipita mwaka mmoja, sikuweza kujua mlango ulikuwa upande gani.)

Hakula nyama ya ng'ombe. Hakueleza kwa nini. Na aliogopa moto. Nyumbani hakuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Alimngoja mke wake hata kama chai ilichelewa. Lakini kazini ni yeye aliyewasha moto kila mwaka, mwenyewe, kwa kiberiti chake. Hakuwa na nyusi. Zilikuwa zimeungua zamani na hazikurudi zote, na hivyo uso wake ulionekana kila mara kama wa mtu aliyeambiwa jambo geni.

Moto wake ulikuwa moto wa mapema. Mvua zikishaisha, zile asubuhi za baridi ambapo pumzi inaonekana, alikwenda kukunja majani kwa vidole. Jani likikunjika bila kuvunjika, siku yake imefika. Watu kumi na wawili wenye matawi mabichi, hakuna upepo, umande bado uko chini. Moto huo unatembea chinichini, unaramba juu na kupita. Unaweza kuuruka kwa mguu. Moyo wa shungi haupati habari. Alichoma hivyo utepe mpana kati ya Ndefu iliyokuwa bondeni na Malisho ya Juu, ili moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ukija ukute njia imekatwa.

Malisho ya Juu yalikuwa sehemu ya mwisho ambako Ndefu haikuwa imeingia. Kwake hayo ndiyo yalikuwa shamba. Mengine aliyaita "makosa yangu".

Sasa sikiliza jambo alilolipata kwa ringi ile, maana lilimchukua miaka kuliona, na mimi niliandika kila namba bila kuona kitu. Kulikuwa na mwaka wa ukame usio na moto. Tulidhani nyasi za kwetu zimekwisha. Zilikuwa rangi ya kamba. Lakini mvua ziliporudi, zilirudi nazo, na Ndefu ndiyo iliyokuwa imekufa pembezoni. Kulikuwa na mwaka mwingine wa moto mbaya, wenye mvua nzuri kabla na baada yake; nao ukapita, mashungi yakachipua upya. Siku aliponieleza alikaa kwenye kichuguu, akaomba daftari zote, akazitandaza chini.

"Mama, angalia. Kiangazi yenyewe, zinaweza. Moto yenyewe, zinaweza. Hazijaona zote mbili mu mwaka moja."

"Na zikiziona, Shefu?"

"Zinakuwa na njaa chini, na zinachomwa juu. Zitatoka na nini? Ndefu iko na mizizi mbali kule chini, moto haiigusi. Itapata nafasi, itakaa." Akafunga daftari moja baada ya lingine. "Tusiruhusu. Ile tu. Mwaka ya kiangazi, utepe uchomwe mapema, ata kama wote banakataa."

Ilimpendeza kusema "hata kama wote wanakataa". Alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kukataliwa na wengi kwa wakati mmoja.

Mwaka ule wa orodha mvua zilikatika mapema sana. Mahindi yalisimama kimo cha goti na kubaki hapo. Mjini mishahara ilikuwa imesimama pia, migodi ikinyamaza mmoja baada ya mwingine, vumbi la Kingamyambo, lile lundo la mabaki ya migodi, likipeperuka mpaka sokoni kwa sababu hakuna aliyelimwagia maji. Na redioni walianza kueleza kwamba taabu yote hii ina wenyewe, na wenyewe wametoka Kasai. Watu ambao babu zao waliletwa na treni kuchimba shaba waliambiwa warudi "kwao".

Shambani lilianza kwa utani. Kijana mmoja wa matrekta, tukiwa tunakula, alimwambia, "Shefu, weye pia uliletwa. Kama Ndefu."

Watu wakatazama sahani zao. Shefu alimaliza kutafuna.

"Ndefu niliileta mimi, tata, na mukono yangu, mu gunia. Mimi nilikuja na mama yangu. Usichanganye kazi."

Kijana akacheka, wengine wakacheka kwa nafuu. Baada ya wiki mbili orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, kwa hiyo jina langu halikuwamo. Lake lilikuwa la kwanza. Nusu ya watu kumi na wawili wa matawi mabichi walikuwamo pia. Nimejiuliza mara nyingi nilifanya nini siku ile. Nilifanya hivi: nilikwenda kumchukulia kitabu chake cha nyimbo kwenye kabati, kabla mtu mwingine hajalifungua. Basi.

Walikwenda kukaa stesheni, kwetu husema gare, yeye na mke wake na masanduku, pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ambazo hazikuja. Wengine waliezeka vibanda kwa maturubai, wengine kwa milango ya nyumba zao wenyewe walizofukuzwa. Nilimkuta huko wiki ya kwanza. Hakuniuliza nani amechukua nyumba yake. Alisema, "Majani yanakunjika bado?"

"Yanakunjika, Shefu. Lakini kwa shida."

"Basi una siku tatu, ine. Chukua bantu sita. Sita wanatosha kama hakuna upepo."

Nilikwenda kwa mkurugenzi mpya. Alikuwa mtu mwenye adabu, alinipa kiti. Nilimweleza utepe, Ndefu, Malisho ya Juu, ukame. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nilidhani nimeshinda.

"Mama," alisema, "mu vile vijiji bya chini nyumba zinachomwa kila siku. Leo nikiwasha moto, ata mudogo, moshi itaonekana. Wale bantu watasema tunakuja. Watakuja na mapanga mbele yetu. Hakuna kuchoma kitu. Njo amri, na haitoke kwangu."

Hakuwa mwongo. Ndilo lililonishinda. Nilitoka ofisini nikiwa na kiberiti cha Shefu, alichonipa stesheni, mfukoni, nikaenda mpaka kwenye utepe peke yangu, nikakunja jani. Likakunjika. Mtu mmoja hawezi kuushika moto. Nilikaa pale mpaka umande ukakauka, kisha nikarudi kuhesabu ng'ombe.

Baada ya siku tano jani lilivunjika.

Kiangazi kikaendelea. Kila nilipokwenda stesheni na unga kidogo, Shefu aliuliza kuhusu upepo, na kila mara palikuwa na makaburi mapya nyuma ya mabehewa yaliyotupwa, madogo mengi. Mke wake alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Moto ulikuja mwishoni kabisa, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Hatukujua nani aliuwasha. Labda mwinda panya, labda mtu tu. Ulipanda kutoka bondeni kwenye Ndefu. Nimeuona moto wa mapema mara nyingi, nikakwambia unaweza kuuruka. Huu ulikuwa juu kuliko lori. Haukupita, ulisimama mahali pamoja ukila, ukavuta hewa mpaka kofia ya mchungaji ikamtoka kichwani na kwenda nao. Tuliokoa ng'ombe, zizi na pampu. Malisho ya Juu yaliungua kutwa moja na nusu. Baadaye nilipoirusha ringi pale haikulia, ilizama kwenye majivu.

Wiki moja baadaye ilinyesha mvua ndogo, na uwanda mweusi ukaota rangi ya kijani, nyembamba kama ukungu. Ng'ombe waliisikia harufu yake kutoka zizini. Walikuwa mifupa na ngozi. Wengine walinyanyuliwa kwa mkia asubuhi. Mchungaji alikuja kwangu, bila mzaha safari hii.

"Mama, ninafungua lango."

"Tata, tungoje. Tumuulize Shefu."

"Eko ku gare. Weye unataka niambie ngombe nini? Kwamba Shefu eko ku gare, wangoje?" Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mwingine kuelewa. "Ringi inasema nini leo? Sema, nitasikia."

 Alifungua lango. Ng'ombe waliingia wakikimbia, jambo ambalo sikudhani wanaweza, na nilipowakaribia niliona wanachokula. Ndefu ilikuwa imetoa machipukizi yake magumu, yenye ncha kama sindano, na wote waliyaruka. Walikula mashungi tu, lile jani moja au mawili ambayo kila moyo uliobaki hai ulikuwa umeyatoa kwa akiba yake ya mwisho.

Niling'oa mashungi matatu, nikayafunga kwenye gazeti, nikapanda lori la asubuhi.

Treni ilikuwa imefika usiku. Watu walikuwa juu ya mabehewa, ndani, na katikati, wakifunga vitu kwa kamba. Shefu alikuwa ameketi juu ya sanduku kando ya reli, akiwa na ndevu nyeupe ambazo sikuwa nikizijua. Mke wake alikuwa akifunga godoro.

"Imeungua," alisema, kabla sijasalimu. Alikuwa ameuona moshi kutoka pale.

"Imeungua, Shefu."

"Siku ngapi?"

"Moja na nusu."

"Muulize kwanza batoto yake," mke wake alisema.

"Batoto yako?"

"Wazima, Shefu."

"Muzuri." Akanyoosha mkono, nikampa gazeti. Alilipasua shungi la kwanza katikati kwa vidole vya gumba, kama mtu anayepasua mkate. Ndani palikuwa pa kahawia, pakavu. Akaliweka chini. La pili, vilevile. La tatu alilipasua polepole zaidi. Katikati palikuwa peupe, pa unyevu, si zaidi ya unene wa njiti ya kiberiti.

Alilitazama muda mrefu. Watu walikuwa wakimwita kutoka juu ya behewa, wakisema nafasi inakwisha.

"Hii iko muzima," alisema. "Mama, sikia muzuri. Haijaisha. Moto imefanya kazi yake, kiangazi pia, lakini wa kuua hii amebakia mumoja, ni ngombe. Funga Malisho ya Juu. Ata ngombe moja asiingie, mpaka hii imwage mbegu. Mvua moja muzima. Mukifunga, itarudi. Nimehesabu, ninajua. Umefunga?"

Mke wake aliacha kamba. Alikuwa akinitazama usoni, na nikaona kwamba ameshajua.

"Nitafunga, Shefu," nikasema.

"Leo."

"Leo."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu orodha. Alilirudisha lile shungi hai kwenye gazeti, akanipa, akaniambia nilipande karibu na pampu nilinyweshe. Kisha wakamvuta juu kwa mikono miwili, mke wake akimsukuma kwa chini, na mke naye wakamvuta mwisho. Hakuna kati yao aliyegeuka nyuma, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kugeuka.

Lile shungi lilikufa. Malisho ya Juu ni Ndefu tupu leo, na huungua kila mwaka. Kama alifika, sijui. Nafundisha kilimo Kasaji sasa, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi jambo hili, na nimekueleza wewe pia, kwa sababu sikumwambia yeye kwamba lango lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Basi kama una malisho, na mwaka wa ukame yakaungua, fanya hivi. Siku hiyohiyo funga lango. Ng'oa shungi moja, lipasue katikati, utazame ndani. Ukiona peupe, tafuta chakula cha ng'ombe mahali pengine, kwa njia yoyote, na usilifungue lango hilo mpaka nyasi zimeota, zimechanua, na mbegu zimedondoka chini.